Subira ni ya Nani?



Katika maneno tuyasikiayo kila siku majumbani, barazani na sokoni, hapana lililo jepesi kutamkwa kuliko neno "subiri." Mume humwambia mke aliyemtaka fedha za matumizi, tajiri humwambia kibarua aliyekuja kudai ujira wake, karani humwambia mjane aliyesimama dirishani tangu asubuhi. Wote hao husema neno moja, na wote huliegemeza juu ya dini, kwani ni Mwislamu gani asiyeijua daraja ya wenye kusubiri? Lakini sisi tumerudi kutoka safari iliyotulazimisha kuuliza suala ambalo hatukupata kuliuliza kabla yake: hiyo subira ni ya nani? Ni nani mwenye haki ya kuitoa, na ni nani mwenye haki ya kuidai?

Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Mombasa kwenda Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab katika kaunti ya Garissa. Na kabla hatujaendelea, yafaa tumweleze msomaji jambo lililotupeleka huko.

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka na vita vikaenea, majahazi yalileta pwani yetu watu wengi kutoka Kismayu, Barawa na Mogadishu. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja wa Kibarawa, mtu wa mji ambao wenyewe wana Kiswahili chao, Chimwini, na kwa hiyo hakuwa mgeni wa lugha wala wa desturi. Aliishi katika kambi za Mombasa, zilizokuwa Utange na kwengineko, na watoto wake wakasoma katika darasa letu. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 kambi za pwani zikafungwa. Wengi katika watu wa Barawa na Benadir walipokewa Marekani. Yeye jina lake halikutoka, akapelekwa Dagahaley. Tangu hapo tumekuwa tukipashana khabari, kwa barua kwanza na kwa simu baadaye, mpaka alipotuletea neno kwamba mjukuu wake aozwa, na kwamba ataka Maalim wetu, aliyewasomesha wanawe, ndiye asome khutba ya nikaha. Siku ikawekwa: Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri.

Tulikodi gari, tukaagana kuondoka Jumatano mara tu baada ya Alfajiri, tulale Garissa, na Alkhamisi kabla ya Adhuhuri tuwe Dagahaley. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini Alfajiri ilipita, jua likapanda, na Maalim hajatokea. Alikuwa na mgeni aliyemjia kwa shauri la nyumba, na mazungumzo yalirefuka, kikaletwa chai, na baada ya chai kahawa. Sisi tuliokuwa garini tulitazamana. Hakuna aliyethubutu kwenda kumgongea mlango mtu wa heshima zake. Tulinyamaza, na unyamavu wetu tukauita adabu. Tuliondoka saa nne.

Baada ya Malindi na Minjila, pale barabara ya Lamu inapotengana na ile ya kwenda Garissa, gurudumu la nyuma lilipasuka. Hilo ni jambo la njia na hakuna wa kulaumiwa. Lakini lile la akiba lilipotolewa lilionekana kuwa halina pumzi, na dereva akakiri kwamba ajua tangu juma lililopita. Tulikaa chini ya mgunga tukingoja lori la kumchukua yeye na gurudumu lake mpaka Garsen na kumrudisha. Jua lilikuchwa tungali pale pale, na usiku ule tukalala Hola badala ya Garissa.

Asubuhi ya Alkhamisi, hapo Hola, alitujia mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akatuomba tumchukue mpaka hospitali ya Garissa, kwani mtoto alikuwa na homa siku ya pili. Tulimkaribisha. Mbele ya safari, mahali ambapo hatutopataja, tulisimamishwa kizuizini. Karatasi zetu zilikuwa sawa, na aliyezitazama alisema kwa ulimi wake kwamba ziko sawa. Lakini mwenye kutoa idhini ya kupita alikuwa amekwenda kula, na karatasi zikawekwa juu ya meza zikilaliwa na jiwe zisipeperuke. Tuliingia pale saa tatu, tukatoka saa saba.

Katika kungoja huko mtoto alianza kulia, na mama yake akawa amsimamia huku akimpepea kwa ncha ya leso. Maalim alimwonea huruma, akamwambia kwa upole, "Subiri, mwanangu. Subira yavuta kheri."

Yule mama alimtazama kwa adabu, akajibu: "Baba, subira ninayo, na tangu jana naitoa. Lakini ni yangu. Sadaka ya kutoa katika mfuko wa mwenzio haina thawabu, Baba."

Hapana aliyesema neno tena mpaka karatasi ziliporudishwa. Garissa tulifika Alasiri. Yule mama alishuka penye lango la hospitali, akatuombea dua, akaenda zake. Ofisi tuliyopaswa kuendea kwa kibali cha kuingia kambini ilikuwa imekwisha fungwa. Saa ile, ndugu msomaji, ndiyo saa iliyokuwa imewekwa kwa nikaha. Nasi tulikuwa tungali na kadiri ya kilomita 100 mbele yetu.

Tulifika Dagahaley Ijumaa, baada ya sala ya Ijumaa.

Msomaji asiyepata kufika huko asidhani ni mahema machache jangwani. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Zote tatu zilikusudiwa watu wapatao 90,000. Mwaka wa ukame mkubwa, 2011, hesabu ya watu wa Dadaab ilipindukia 400,000. Dagahaley ina masoko, misikiti, madrasa, skuli, hospitali, na mikokoteni ya punda inayouza kuni na maji. Kuna watu waliozaliwa humo, wakaoa humo, na watoto wao wakazaliwa humo. Walioingia wa kwanza walifikiri watakaa miezi michache.

Lakini mji huu una jambo moja ambalo miji yetu haina. Mkaazi wake hawezi kuondoka akenda atakako. Lazima apate kibali cha safari, nacho kina siku zilizohisabiwa. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Mwezi wa Februari 2017 Mahakama Kuu mjini Nairobi ikaitengua amri hiyo. Na katika miezi ile yote watu walikuwa hawajui wapande mti uani au wafunge mizigo. Januari 2017 Marekani ilisimamisha safari za wakimbizi waliokuwa wamekwisha hojiwa na kupimwa, na Januari 2025 ikasimamisha tena. Wasomali wa kambini wana neno lao, buufis, lililotokana na kupuliza na kuvimbisha: ni ile hamu ya kwenda kuishi ng'ambo inayomjaa mtu kifuani hata akawa yupo hapo na hayupo. Watu hawana neno la kitu ila wamekijua sana.

Basi tulipokelewa na Bi mkubwa wetu katika uwa wake uliozungushiwa miba. Mchanga ulikuwa umefagiwa na alama za ufagio zingali zaonekana. Kulikuwa na kibanda cha miti na mabati, jiko la udongo, na madumu ya maji yaliyopangwa kivulini. Madumu hayo, kama tulivyoelezwa, hupangwa katika safu bombani kabla ya alfajiri yawe manaibu wa wenyewe, kisha mwenye dumu hurudi kupika uji na kuwapeleka watoto chuoni, na hukimbia tena asije akapitwa na zamu. Nyumba yote huendeshwa baina ya safu hii na ile: ya maji, ya chakula, ya daktari, ya karatasi. Mwanamke wa Dagahaley ajua kungoja kuliko sisi sote, naye hangoji huku amekaa. Hungoja huku akifanya kazi.

Siku ya Alkhamisi alikuwa amepika. Wageni walikuja, wakakaa mpaka Magharibi, wakala, wakaenda zao. Kilichowekwa kwa ajili yetu akakigawa kwa majirani usiku, kwani hakina pa kuhifadhiwa. Ijumaa akanunua kuni tena, akawasha moto tena. Haya hakutwambia yeye. Tuliambiwa na mtoto wa nyumbani.

Jambo alilotwambia yeye lilikuwa jingine. Bwana harusi alikuwa mkaazi wa Kakuma, kambi ya upande wa Turkana, mwisho mwengine wa nchi, na alikuja kwa kibali. Jumamosi asubuhi ilikuwa lazima awe ndani ya basi, ama sivyo kibali kitakwisha naye yu njiani. Bibi harusi angebaki mpaka karatasi za kumfuata mumewe zitoke, na hakuna aliyejua zitatoka lini. Walikuwa na siku mbili za kuwa mume na mke. Sisi tuliwaachia usiku mmoja.

Tulianza kutoa udhuru. Tulisimulia gurudumu, tukasimulia kizuizi, tukasimulia ofisi iliyofungwa. Bi mkubwa alisikiliza yote akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya, "Na nyumbani mlitoka saa ngapi, Maalim?"

Maalim alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Saa nne, dada yangu. Mimi ndiye niliyewaweka wenzangu."

"Alhamdulillahi mmefika," akasema Bi mkubwa, akaenda kutuletea maji ya kunawa. Hakutulaumu, na laiti angetulaumu. Nikaha ilifungwa Alasiri ile. Asubuhi yake tulimwona kijana akipanda basi, na mkewe amesimama penye miba ya uwa, na mkono umeshika ncha ya shela.

Ni Maalim mwenyewe aliyetuamuru tuyaandike haya bila ya kuficha, akasema kwamba darasa lisilojisoma halina haki ya kuwasomesha watu. Basi na tuyapime.

Kuchelewa ni kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni ile iletwayo na ulimwengu: mvua, mto kufurika, gurudumu kupasuka, maradhi ya ghafula. Mwaka 2023 Mto Tana ulipofurika na barabara ya Garissa ikakatika, aliyekwama hakuwa na wa kumshitaki. Hapo ndipo mahali pa subira khasa, kwani hapana mkono wa mtu.

Namna ya pili ni ya mtu asiyeweza: mdaiwa asiye na kitu, fundi aliyeugua, mkaazi wa kambi aliyenyimwa kibali. Huyu apasiwa na muhula, na Qur'ani imeamrisha kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe nafasi mpaka atakapopata. Anayempa nafasi hutoa kitu chake kwa hiari yake, na thawabu ni zake.

Namna ya tatu ni ya mtu awezaye asitende: mwenye idhini aliyekwenda kula, dereva aliyejua kwamba gurudumu halina pumzi, mgeni wa heshima aliyekunywa kahawa na wenzake wamo garini. Huyu sheria haikumwita mwenye udhuru, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba tajiri kuchelewesha deni ni dhulma. Nasi twasema: ikiwa kuchelewesha dirhamu za mtu ni dhulma, basi kuchelewesha siku zake ni dhulma zaidi, maana dirhamu hurudi, na siku hairudi. Usiku mmoja wa wale vijana wawili twaweza kuulipa kwa nini?

Hapa ndipo tulipolifahamu neno la yule mama wa njiani. Subira ni mali ya mwenye kuitoa. Ni kama sadaka: huwa kubwa kwa sababu mwenyewe angeweza kuizuia. Anayekingojesha kisha akakuamrisha subira amekutia mkono mfukoni, akatoa sadaka kwa jina lake. Na mwenye kusimama kando, asiyengoja wala asiyengojesha, akaridhika kuhubiri subira kwa aliyedhulumiwa na asiseme neno kwa aliyedhulumu, huyo amechagua upande wake, hata kama ulimi wake ni mtamu.

Twajua kutakuwa na mwenye kutujibu: Je, si bora kunyamaza na kumwachia Mungu? Hakuna nabii aliyesubiri kama Yaakub? Naam, na mfano wake ndio hoja yetu. Nabii Yaakub alisubiri subira njema, shakwa yake akaipeleka kwa Mola wake. Lakini subira ile haikumzuia kuwaambia wanawe wende wakamtafute Yusuf na ndugu yake wala wasikate tamaa. Alisubiri na akatuma watu njiani. Basi subira haipingani na kudai haki, wala na kumwambia mchelewaji kwa adabu kwamba amechelewa. Sisi tuliokuwa garini Jumatano ile tungemgongea Maalim mlango kwa heshima zote, tungekuwa tumemwonya ndugu yetu asidhulumu, na kumwonya ni kumsaidia. Unyamavu wetu haukuwa subira, ulikuwa woga uliovaa kanzu.

Lakini tusiishie kwa waliokuwa njiani, kwani kizuizi kikubwa tulichokiona tulikikuta tuliporudi nyumbani kwetu.

Ndugu yangu, tazama nyumba zetu za mitaani, kutoka Mombasa mpaka Lamu. Mume asema nitakuja kula baada ya Adhuhuri. Mke akapika, akafunika, akakaa. Hali kwa sababu si ada kumtangulia. Mume yuko barazani, amemaliza shughuli zake, azungumza mambo ya ulimwengu na khasa dhulma za wakubwa wanaowachelewesha raia. Arudi Alasiri, na akiona uso umekunjwa asema, "Mwanamke hana subira." Tazama mshoni aliyemaliza nguo tangu mwezi uliopita na hajalipwa, na mwenye nguo amezivaa mara mbili. Tazama mtumishi wa nyumbani anayeambiwa mwisho wa mwezi kwamba arudi kesho, naye ana mama mgonjwa shamba. Tazama mtoto aliyeahidiwa na babake kupelekwa kuogelea Ijumaa, akavaa nguo zake asubuhi, akalala nazo usiku.

Na la zito zaidi: mwanamke ambaye mumewe hakai naye wala hamwachi, mwaka wa tatu huu, hajulikani ni mke wala si mke, na akenda kwa wazee huambiwa asubiri. Qur'ani imelikataza wazi jambo la kumwacha mke kama aliyetundikwa. Ana tofauti gani na yule bibi harusi wa Dagahaley? Yule wa Dagahaley azuiliwa na karatasi za serikali mbili tatu na mashirika, na huenda wote hao hawamjui jina. Huyu wetu azuiliwa na mtu mmoja anayesali safu ya mbele.

Kwa hiyo hatuna uso wa kulaumu vizuizi vya barabarani mpaka tuvunje vya majumbani. Twapendekeza mambo machache, nayo hayana gharama. Mwenye kuahidi saa aiweke saa ile kama awekavyo amana ya fedha. Mwenye kujua kwamba atachelewa apeleke khabari mapema, kwani siku hizi simu imo mfukoni mwa kila mtu, na khabari humrudishia mwenye kungoja nusu ya wakati wake. Mwenye deni na anacho, alipe kabla ya kuombwa. Na neno "subiri" tusilitamke kwa mwengine mpaka tujiulize kwanza: ufunguo wa mlango huu umo mkononi mwa nani? Ukiwa umo mkononi mwetu, basi neno linalopasa si "subiri," ni "niwie radhi," na kufungua.

Juma hili Maalim alikuja darasani kabla yetu sote. Tulimkuta amekaa peke yake juu ya mkeka, kitabu kimefungwa, atazama mlango. Hakusema kitu, nasi hatukumwuliza amengoja tangu saa ngapi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie njia waliozuiliwa, na asitujaalie sisi kuwa kizuizi cha mja wake yeyote. Amin.